Al-Jahiz wa Basra na swali la popo



Chumba ninachopanga hapa Busanza nakaa na ndugu mmoja anayesoma biolojia, mwaka wa kwanza. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Meza tunayo moja, kwa hiyo upande wangu kuna tafsiri na vitabu vya sarufi ya Kiarabu, na upande wake kuna karatasi zenye michoro ya protini, wanga, mafuta na asidi za nukleiki. Muhula uliopita, jioni moja baada ya Maghribi, popo walianza kupita juu ya mikaratusi, naye akaniuliza kama katika vitabu vyetu popo anahesabiwa ndege au mnyama. Nikamwambia nitamtafutia jibu, kisha nikasahau kama kawaida yangu.

Siku chache baadaye tulikuwa kwenye darsa, na ndugu mmoja mzungumzaji akasema kwamba elimu kama biolojia ni ya kutafutia mkate tu, haimwongezei Muislamu kitu katika dini yake, na kwamba kuwapanga vyura na panya katika makundi ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mwenzangu hakusema neno. Usiku ule alikunja karatasi zake mapema akalala. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana nilijua kuna mtu katika historia yetu ambaye angemjibu yule ndugu vizuri kuliko mimi. Mtu huyo aliishi Basra, Iraq, zaidi ya miaka 1,150 iliyopita, na damu yake inatajwa kuwa imetoka upande wetu huu wa dunia.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr al-Kinani al-Basri. Al-Jahiz ni lakabu tu, maana yake mtu aliyetokeza macho. Watu wa zama zake hawakumwonea haya: walisema wazi kwamba sura yake haipendezi, na yeye mwenyewe alijifanyia mzaha kabla ya wengine kumfanyia. Alizaliwa Basra yapata mwaka 776, sawa na takriban mwaka 160 wa hijria. Ukoo wake ulikuwa chini ya himaya ya kabila la Kinana, na jamaa yake mmoja wa kizazi cha baadaye alisimulia kwamba babu yake al-Jahiz alikuwa mtu mweusi aliyechunga ngamia wa bwana mmoja wa Kinana. Wanahistoria wanabishana juu ya asili hiyo, lakini mapokezi ni ya zamani na yametoka ndani ya familia.

Basra ya wakati huo ilikuwa bandari. Majahazi yalitoka India, China na pwani ya Afrika Mashariki, nchi ambayo Waarabu waliiita Zanj. Yalileta pembe za ndovu na magogo, yakaleta pia watu waliotekwa, na wengi wao wakapelekwa kwenye mabwawa ya chumvi kusini mwa Iraq kuparura ardhi. Mtoto aliyekulia pale aliona kila rangi ya binadamu na alisikia kila lugha. Ni shule ambayo haina ada.

Ada nyingine hakuwa nayo pia. Inasimuliwa kwamba alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan. Baada ya kazi alikwenda msikitini kukaa na watu wa duru za elimu, au kwenye soko la Mirbad ambako Mabedui walifika na ngamia wao, na wanachuoni wa lugha wakakaa nao kuokota maneno. Alisoma lugha na habari za Waarabu kwa al-Asma'i, Abu Ubayda na Abu Zayd al-Ansari, majina ambayo sisi wa Kiarabu tunakutana nayo kila ukurasa. Pesa ya vitabu alikuwa hana, kwa hiyo alikodi maduka ya wanakili vitabu usiku na kulala humo akisoma hadi asubuhi. Kuna kisa kwamba siku moja aliomba chakula nyumbani, na mama yake, aliyechoshwa na mtoto asiyeleta kitu, akamwekea sinia lililojaa madaftari. Akatoka na huzuni kwenda msikitini, tajiri mmoja akamwona, akampa dinari 50, naye akarudi na unga na mahitaji ya nyumba. Mama alipouliza vimetoka wapi, jibu lake lilikuwa kwamba vimetoka kwenye madaftari yale yale. Kisa hiki nimekisoma mara nyingi na kila mara namfikiria zaidi mama kuliko mtoto.

Kalamu ndiyo iliyomtoa Basra. Maandishi yake juu ya uongozi wa umma yalimfikia Khalifa al-Ma'mun, yakampendeza, na al-Jahiz akaanza kukaa Baghdad. Alipewa kazi katika ofisi ya barua za dola, akaiacha baada ya siku tatu. Baadaye sana, Khalifa al-Mutawakkil alimtaka awe mwalimu wa watoto wake, lakini alipomwona uso alimpa dirham 10,000 na kumrudisha alikotoka. Basi akaishi kwa vitabu. Waziri Ibn al-Zayyat alimlipa dinari 5,000 kwa kitabu alichomtunukia, na Kadhi Mkuu Ibn Abi Du'ad akampa kiasi hicho hicho kwa kitabu chake cha ufasaha, al-Bayan wa al-Tabyin.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili watalisema hata nikinyamaza. Al-Jahiz alikuwa Mu'tazila. Mwalimu wake mkubwa katika ilmul-kalam alikuwa al-Nazzam, na yeye mwenyewe ana kikundi kilichopewa jina lake. Wakati wa Mihna, tangu mwaka 833, dola ilipowalazimisha wanachuoni wakiri kwamba Qur'an imeumbwa, na Imam Ahmad bin Hanbal akafungwa na kupigwa mijeledi, kalamu ya al-Jahiz ilikuwa upande wa dola. Ibn Qutayba, aliyekuja nyuma yake kidogo, alimshambulia kwa ukali: kwamba anaitetea hoja leo na kesho anaitetea ya kinyume, na kwamba anaingiza mzaha mahali pa hadithi za Mtume (S.A.W.). Mimi siitetei itikadi yake, na mwalimu wangu wa aqida asije kunihoji. Lakini wanachuoni wa Ahlus-Sunna waliomkosoa ndio hao hao waliotumia vitabu vyake vya lugha na vya wanyama kwa karne nyingi. Walijua kuchuja. Al-Damiri, mwanafikihi wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1405, alipoandika kamusi yake kubwa ya wanyama, Hayat al-Hayawan, alimnukuu al-Jahiz tena na tena.

Sasa kitabu chenyewe. Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, ndicho alichomtunukia Ibn al-Zayyat, kwa hiyo kilianza kusomwa kabla ya mwaka 847, mwaka ambao waziri huyo aliuawa ndani ya tanuri lenye misumari alilolitengeneza mwenyewe kwa ajili ya wengine. Katika toleo la Cairo lililohakikiwa na Abd al-Salam Harun ni juzuu saba. Wanahesabu humo wanyama kama 350. Usitegemee mpangilio wa kitabu cha kidato. Juzuu mbili za mwanzo zimejaa ubishi kati ya mtu anayemtetea mbwa na mtu anayemtetea jogoo, na katikati utakuta mashairi, fikihi, habari za matowashi, sifa za vitabu, kisha anakumbuka kwamba alikuwa anazungumzia njiwa. Mwenyewe anaomba radhi kwa kurukaruka, anasema anachelea msomaji atachoka, halafu anaruka tena.

Ila mwanzoni kabisa kuna kurasa chache zilizotulia, na humo ndimo nilimomkuta popo.

Anaanza na vitu vyote vilivyomo ulimwenguni na kuvigawa mara mbili: vinavyokua na visivyokua. Vinavyokua ni mimea na wanyama. Wanyama ni aina nne: wanaotembea, wanaoruka angani, wanaoogelea na wanaotambaa kwa tumbo. Wanaotembea nao ni wanne: watu, wanyama wala majani, wanyama wala nyama, na wadudu wa ardhini. Mpaka hapo ni mgawanyo ambao mtoto yeyote anaweza kuuweka kichwani, na pengine unakukumbusha aya ya 45 ya Suratun-Nur, inayotaja viumbe vyote kuumbwa kwa maji kisha wengine kwenda kwa matumbo, wengine kwa miguu miwili, wengine kwa minne.

Kilichonishangaza ni kwamba akishajenga mgawanyo wake anaanza kuutoboa mwenyewe. Anasema si kila kirukacho kwa mbawa ni ndege. Inzi, nyigu, nzige, nyuki, mbu na mchwa wenye mbawa wote wanaruka na hakuna anayewaita ndege. Kisha anamleta popo: watu wanamhesabu miongoni mwa ndege, na huku hana unyoya hata mmoja, anajulikana kwa kubeba mimba, kuzaa na kunyonyesha, ana masikio yaliyotokeza na meno mengi. Papo hapo anamweka mbuni: ana manyoya, mdomo wa ndege, mayai na mbawa mbili, na watu hawamhesabu ndege. Akitoka hapo anaingia majini na kusema si kila kiogeleacho ni samaki, anataja fisi maji, kobe, chura, kaa, mamba na pomboo.

Soma orodha ile ya popo polepole. Mimba, kuzaa, kunyonyesha, masikio ya nje, meno. Ndizo alama ambazo karatasi za mwenzangu zinazitaja kwa mamalia. Al-Jahiz hakumtoa popo katika ndege, maana alikuwa anafuata desturi ya lugha ya Kiarabu, lakini aliona kabisa kwamba jina halilingani na mwili, akaliandika hilo ili msomaji alione. Tukitaka kumpima kwa haki, tumtazame Carl Linnaeus wa Sweden, anayeitwa baba wa uainishaji. Katika toleo la kwanza la Systema Naturae, mwaka 1735, nyangumi wamo kundi la samaki. Wakahamishwa katika toleo la mwaka 1758, na katika toleo hilo hilo popo akawekwa kundi moja na nyani na binadamu. Hiyo ni miaka 900 baada ya Basra.

Leo ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa mbawa wala meno peke yake. Wanachukua molekuli. Unyoya wa ndege na nywele za mnyama zote ni protini iitwayo keratini, lakini unyoya umejengwa hasa kwa aina ya beta, inayopatikana kwa ndege na reptilia, na nywele kwa aina ya alfa. Maziwa ya popo yana protini ya kaseini kama ya ng'ombe. Juu ya yote kuna DNA, maandishi marefu yenye herufi nne tu, ambayo karibu kila seli inayo na ambayo hurithiwa kwa makosa madogo madogo. Ukilinganisha maandishi ya viumbe wawili, makosa wanayoshirikiana yanakuonyesha ukaribu wao. Kwa kipimo hicho popo ni mamalia bila shaka, na yuko karibu zaidi na farasi na paka kuliko na panya anayefanana naye uso.

Twiga naye ana habari yake. Watu wa zama za al-Jahiz waliamini kwamba twiga ni chotara: mama ngamia, na ndani yake kumechanganyika fisi na ng'ombe wa porini. Jina lake la Kiajemi limeunganisha ngamia, ng'ombe na chui, na watu walichukua jina likawa ushahidi. Al-Jahiz alikataa. Kwake, jina si dalili ya nasaba, na wanaosimulia mambo ya namna hiyo hawajayaona. Mwaka 2016 watafiti waliolinganisha vinasaba vya twiga wa Afrika walipendekeza kwamba hata wao kwa wao ni spishi nne, si moja. Wale wa Akagera, ambao baadhi yenu mmewaona kwenye safari ya chuo, ni wa aina ya Kimasai na asili yao ni Kenya.

Namna yake ya kutafuta habari ndiyo ninayoipenda zaidi. Alikuwa na kitabu cha wanyama cha Aristotle kilichotafsiriwa kwa Kiarabu, naye anamwita Mwenye Mantiki, anamheshimu, lakini anamhoji kama anavyomhoji mtu wa sokoni. Mashairi ya Mabedui aliyachukua kuwa ushahidi, kwa hoja kwamba mtu anayelala jangwani na mbwa mwitu anamjua kuliko mtu wa maktaba. Aliwauliza wakamata nyoka, wavuvi na wachinjaji. Mabaharia hakuwaamini sana. Aliona wanapenda maajabu. Anasimulia jinsi nge na panya walivyofungiwa katika chupa ya kioo ili ionekane nani anamshinda mwenzake, na panya akaanza kwa kuukata mkia wa nge. Anasimulia pia kwamba al-Nazzam alisikia mbuni anaweza kumeza makaa ya moto, hakuridhika kusikia, akachoma mawe na vyuma na kumrushia mbuni mbele ya macho yake. Mbuni akameza. Sipendekezi kufanya hivyo Akagera.

Lakini alikosea pia, na pengine makosa ndiyo yanayomfaa mwanafunzi wa biolojia kuliko sifa. Aliamini kwamba baadhi ya wadudu huzuka wenyewe kutoka kwenye uozo, bila baba wala mama, na akawabishia waliokataa. Karibu dunia nzima iliamini hivyo. Ilibidi mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia afunike nyama kwa kitambaa aonyeshe kwamba bila inzi kutaga hakuna funza, na bado vijidudu vidogo vikasubiri majaribio ya Louis Pasteur katika miaka ya 1860.

Kuna ndugu zetu wanaosambaza kwenye simu maneno ya Kiingereza yanayodaiwa kuwa ya al-Jahiz, yanayoeleza mageuko ya viumbe kama vile ameyaandika Darwin mwenyewe. Mimi ningewaomba wapunguze kasi. Maneno yale ni muhtasari wa mtu wa karne yetu, na kumpa marehemu maneno ambayo hakuyasema ni kumdhulumu. Alichokieleza vizuri ni namna viumbe wanavyolana. Panya anatoka kutafuta riziki kwa walio dhaifu kuliko yeye, na wakati huo huo anajificha na nyoka na ndege wanaomtafuta. Mwindaji wa huyu ni windo la yule, na hakuna mnyama asiyehitaji chakula. Kwake kila kiungo katika mnyororo ule kilikuwa ishara ya hekima ya Allah, kuanzia tembo hadi mbu.

Kuhusu mbu alistaajabu kwamba mdudu dhaifu namna ile anajua kuwa nyuma ya ngozi nene ya nyati kuna damu, na mrija wake laini unapenya pale. Sisi tunaolala na vyandarua hapa Busanza tunamjua huyo. Karatasi za mwenzangu zinaongeza kwamba anayeuma ni jike peke yake: nguvu za kurukia anazipata kwenye sukari ya maua, na damu anaitaka kwa ajili ya protini za kujengea mayai yake. Nilipomsomea sehemu ile ya al-Jahiz alicheka kwa mara ya kwanza tangu darsa lile.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike makala nzima badala ya kumjibu mwenzangu kwa maneno mawili.

Al-Jahiz aliandika risala moja ndefu kidogo kuhusu fahari ya watu weusi. Anawataja humo Luqman, Bilal, Mihja', Najashi na Sa'id bin Jubayr. Anawasemesha Wazanji wenyewe, wakiwaambia Waarabu kwamba mateka wanaowaona Basra si kipimo cha taifa zima, na kwamba Wazanji wana matawi mawili, Qanbalu na Lunjuya, kama Waarabu walivyo Qahtan na Adnan. Wanahistoria wengi wanaona Lunjuya ni Unguja, na Qanbalu wanaielekeza Pemba. Fikirini: mtu wa Basra, karne ya tisa, anaandika jina la Unguja.

Kisha anaingia kwenye suala la rangi. Walikuwepo waliosema weusi ni adhabu au laana. Anawajibu kwa wanyama. Katika ardhi ya mawe meusi ya Banu Sulaym, anasema, kila anayeishi pale anakuwa mweusi, hata swala, mbuni, mbweha, kondoo na punda wa pale. Nzige na funza wakaao kwenye majani mabichi ni kijani. Chawa wa kichwa chenye nywele nyeusi ni mweusi, wa kichwa chenye mvi ni mweupe. Rangi, kwa hoja yake, inatoka kwa Allah kupitia ardhi, maji na jua, na hakuna ndani yake laana wala heshima. Maelezo ya kisayansi ya leo ni mengine. Rangi ya ngozi inatokana na melanini, molekuli ambayo seli huitengeneza kutoka asidi amino iitwayo tirosini, na sote tunayo, tofauti ni kiasi na aina. Lakini alipoipeleka rangi kwenye maumbile na kuitoa kwenye laana, alikuwa amesimama mahali sahihi.

Nisimpambe. Katika Kitab al-Hayawan hiyo hiyo kuna mahali anawafananisha Wazanji na kunguru kwa maneno yanayouma, na wasomi hawajaafikiana kama risala ile aliiandika kwa moyo wake au kwa mchezo wa hoja aliouzoea. Nilipofika pale nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Nilitembea nikifikiri kwamba sisi Wanyarwanda hatuhitaji kusimuliwa na mtu wa Basra yanayotokea binadamu anapopangwa kama nzige. Wabelgiji walikuja na vipimo vya pua na urefu, na katika miaka ya 1930 wakaandika ubwoko wa kila mtu kwenye kitambulisho. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja kwenye kadi ile lilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Waliofanya vipimo vile walidai ni elimu ya wanyama na watu. Haikuwa elimu. Binadamu wawili wowote, ukilinganisha DNA zao, wanafanana kwa takriban asilimia 99.9. Nilipomweleza hivyo mwenzangu, alisema ndiyo sababu hasa aliyochagua biolojia. Kwao kuna watu aliowajua kwa picha tu. Hakuwa ameniambia hilo kabla, na tumekaa chumba kimoja miezi minane. Yule ndugu wa darsa hakujua alikuwa anamwambia nani.

Mwisho wa maisha yake al-Jahiz alirudi Basra. Alikuwa ameshapita miaka tisini kwa hesabu ya hijria, ameandika vitabu na risala karibu 200, nyingi hatunazo tena. Kiharusi kilimfisha upande mmoja wa mwili, na upande wa pili ukawa na maumivu ya viungo. Waliomtembelea walieleza kwamba upande mmoja ungeukata asingesikia, na upande wa pili hata inzi akipita karibu alilalamika. Inasemekana vilikuwa vitabu vilivyomwua, rundo lilimwangukia akiwa amekaa kati yake. Habari hiyo ni ya waandishi wa baadaye na inafanana mno na mzaha wa mtu aliyemjua. Maradhi peke yake yalitosha. Alifariki Muharram mwaka 255, yaani kati ya Desemba 868 na Januari 869.

Mwaka ule ule wa hijria, watumwa wa Kizanji kwenye mabwawa ya chumvi waliinuka. Vita vyao vilidumu hadi mwaka 883, na mwaka 871 waliingia Basra na kuiteketeza. Sijui ni vitabu vyake vingapi viliungua mle.

Mwenzangu ana mtihani Jumatatu, na jana usiku alinitajia makundi ya mamalia bila kutazama karatasi, popo akiwa wa kwanza. Sasa anataka nimtafutie habari za kinyonga. Kinyonga yuko mbele sana. Mimi nimerukaruka huko na huku, lakini usomaji wangu wa utaratibu umekwama juzuu ya pili, ambako mwenye mbwa na mwenye jogoo bado hawajamaliza kubishana.